Umepata kazi ya kufundisha Kiingereza Lubumbashi? Soma hapa kabla hujapanda basi

Mwezi wa sita ukifika, simu yangu haipumziki. "Dada, kuna shule Lubumbashi inanitaka nifundishe Kiingereza. Niende?" Wanaouliza ni walimu wenzangu wa Mbeya, wa Kisumu, na siku hizi hata wa Ndola ambao mpaka uko mlangoni mwao. Huu ni mwaka wangu wa saba katika mji huu wa kusini mwa Kongo ya Kinshasa. Nimefundisha sekondari mbili na kituo kimoja cha lugha cha jioni, na nimechoka kuandika majibu yale yale. Basi haya hapa, kwa mpangilio wa siku zenyewe, kuanzia ukiwa bado nyumbani kwenu.

Shika hili mapema: Kiingereza kitakupa kazi na Kiswahili kitakupa watu, ila mkataba, ratiba, kikao cha walimu na barua ya onyo vyote ni Kifaransa. Wageni niliowaona wakirudi kwao kabla ya Krismasi walikuwa walimu wazuri. Kilichowarudisha ni karatasi walizotia sahihi bila kuzielewa.

Hatua ya 1: Mkataba kwanza, tiketi baadaye

Mimi nilikuja na makubaliano ya WhatsApp. Tulikubaliana mshahara wa mwezi, nikafurahi, nikafunga begi. Sikuuliza ni miezi mingapi. Mwaka wa shule Kongo unaanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Julai. Julai ilipokwisha nikaenda kwa mhasibu kuuliza hela yangu. Akavua miwani, akaifuta, akanijibu taratibu: "Mama, mu vakansi hakuna kazi, hakuna franga." Yaani likizo haina mshahara. Nilikaa miezi miwili nikipika lengalenga, yaani mchicha, na kumkwepa mwenye nyumba. Shule hiyo siitaji, na kwa kweli haikunidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa sijauliza.

Kwa hiyo uliza, na jibu liandikwe ndani ya mkataba: mshahara ni wa miezi 10 au 12? Unalipwa kwa dola au kwa faranga za Kongo, na kama ni faranga, ni kwa kiwango cha siku gani? Nani analipia kibali cha kazi? Nyumba je, na matibabu? Hayo mawili ya mwisho usione haya kuyataja. Sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi au posho ya makazi, na agharimie matibabu yake na ya familia yake. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa 45 za kazi kwa wiki, na muda wa majaribio usiozidi miezi sita. Shule ndogo nyingi zitakwambia kila kitu "kimo ndani ya mshahara". Sawa, kama kimo, kiandikwe kwamba kimo.

Mkataba ukija kwa Kifaransa, mpe mtu asiyekuwa wa shule hiyo akusomee. Mtu wa shule atakutafsiria yale anayotaka uyasikie.

Hatua ya 2: Ruhusa ya kuingia na ruhusa ya kufanya kazi ni vitu viwili

Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, watu wanadhani mambo yamekwisha, kwamba unavuka tu kama unavyovuka Namanga. Hapana. Kuingia ni jambo moja, kuajiriwa ni jingine. Mgeni anayefanya kazi Kongo anahitaji karte ya kazi ya mgeni, na anayeiomba ni mwajiri, si wewe. Ombi hupitia tume inayoshughulikia ajira za wageni. Juu yake kuna viza ya ukaazi wa kikazi, ambayo ni kazi ya DGM, yaani idara ya uhamiaji. Mkataba wenyewe nao hupelekwa ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, ukagongwe muhuri.

Shule ikikwambia "njoo tu, makaratasi tutayafanyia huku", ujue kwamba ikigeuka, atakayesimama mbele ya DGM ni wewe. Waombe wakutumie walau nakala ya ombi walilokwisha kupeleka.

Vyeti vyako vya chuo vitafsiriwe Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa, tena ubebe nakala kadhaa zilizothibitishwa. Beba na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinaombwa kweli. Pasipoti usiiache kabatini kwa mkuu wa shule hata akisema ni kwa usalama wako. Mpe nakala.

Hatua ya 3: Njia

Wanaotoka Mbeya hupita Tunduma, wanaivuka Zambia hadi Kapiri Mposhi, wanapanda kuelekea Ndola, Kitwe, Chingola na Chililabombwe mpaka Kasumbalesa. Kutoka hapo Lubumbashi ni kama kilomita 90. Kasumbalesa utakuta foleni ya malori inayokatisha tamaa, lakini wewe unavuka kwa miguu. Watakuja vijana wanaotaka kukushikia pasipoti wakugongeshee muhuri "haraka". Washukuru, shika pasipoti yako mwenyewe.

Ukishavuka, magari yanapita kulia. Tazama kushoto kwanza kabla ya kukanyaga barabara. Rudisha na saa yako nyuma saa moja, maana Lubumbashi inafuata saa za Lusaka. Na ukiambiwa kikao ni "saa nane", omba uandikiwe kwa tarakimu, kwa sababu mtu anaweza kuwa anahesabu kama Mfaransa huku wewe ukihesabu kama Mswahili.

Kuhusu dola: noti iliyochanika hata ukucha mmoja pembeni haina mwenyewe hapa. Utaizungusha soko zima. Kagua noti zako kwenu, na kagua tena siku ya mshahara, mbele ya mhasibu, kabla hujasaini.

Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, funga mdomo wa mwalimu wa Kiswahili

Hapa ndipo Watanzania na Wakenya wa pwani tunaharibu. Tunafika, tunasikia "batoto beko mu masomo", tunacheka, kisha tunasahihisha. Usifanye hivyo. Kiswahili cha Lubumbashi kilikulia kwenye kambi za wachimbaji wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, kikapikwa na watu waliotoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Rwanda na Burundi pamoja na wenyeji, na kina wazee wake na heshima yake. Wao wenyewe chetu wanakiita Swahili bora, na neno hilo lina sifa na kejeli kidogo kwa pamoja. Siku yangu ya pili mama mmoja wa sokoni alinisikiliza nikiomba kisamvu, akamgeukia mwenzake: "Huyu anasema kama Biblia." Kisha akanipimia sombe.

Jifunze machache yatakayokusaidia kazini. Masomo ni shule, "ninaenda ku masomo". Bukari ni ugali. Franga ni hela. Njo ni ndiyo, kwa maana ya kusisitiza: "njo yeye". Ukiulizwa "uko muzima?" jibu tu kwamba uko mzima.

Mwanamke mtu mzima ni Mama, mwanaume ni Papa, hata kama umemzidi umri. Wanafunzi watakuita Monsieur au Madame. Asubuhi katika chumba cha walimu humpiti mtu bila kumpa mkono. Unaingia, unazunguka, unashika mikono yote, hata ya yule mliyegombana jana. Mimi kwa wiki nzima nilikuwa nasema "habari za asubuhi" mlangoni na kwenda kukaa. Nikaja kusikia naitwa yule Madame mwenye majivuno.

Kama wewe ni Mkenya, jiandae: mojawapo ya komuni, yaani wilaya za mji, inaitwa Kenya. Mzaha wake utausikia kila siku mpaka mkataba uishe.

Hatua ya 5: Jua nani ni nani, halafu andika fishi

Mkuu wa sekondari ni prefe. Chini yake kuna mkurugenzi wa masomo, anayeangalia unachofundisha, na mkurugenzi wa nidhamu, anayeangalia umefika saa ngapi. Kila darasa lina titulere, mwalimu mlezi wake. Ukiwa na shida na mwanafunzi, anza kwa titulere. Ukiruka ngazi ukaenda moja kwa moja kwa prefe, umemdhalilisha mwenzako bila kujua.

Shule nyingi huanza saa moja na nusu asubuhi (7:30 ya Kifaransa) kwa bendera na wimbo wa taifa. Uwepo. Mgeni anayefika wimbo ukiwa umeisha husemwa kuliko mwenyeji.

Sasa fishi. Hii ndiyo iliyonitoa jasho kuliko chochote. Ni karatasi ya maandalizi ya somo, na kila somo lina yake. Kwetu tulizoea andalio la somo, lakini mpangilio wa hapa una majina yake na hautaki ubunifu: unaanza na kumbusho la somo lililopita, kisha motisha, yaani swali au kitu cha kuwaamsha wanafunzi, kisha unatangaza mada. Ndipo uchambuzi wenyewe, baadaye muhtasari unaonakiliwa daftarini, na mwisho zoezi la kupima. Upande mmoja unaandika atakachofanya mwalimu, upande mwingine watakachojibu wanafunzi, pamoja na majibu unayoyatarajia. Juu ya fishi kuna jurnali ya darasa, daftari ambamo unaorodhesha masomo ya siku, na mkurugenzi analitia sahihi. Mkaguzi wa wizara akija, hakusikilizi kwanza. Anasema "fishi", ananyoosha mkono.

Niliwahi kufundisha somo zuri sana la wakati uliopita, watoto wakaigiza soko, wakacheka, wakaongea. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya darasa. Tulipotoka akaniuliza: "Mama, muhtasari iko wapi?" Ubaoni hapakuwa na kitu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu mzazi mmoja akaja na daftari la mtoto wake akauliza kwa nini Jumanne hakusoma Kiingereza. Tangu hapo, mchezo wowote niufanyao, dakika kumi za mwisho ni za ubao.

Fishi ya Kiingereza unaruhusiwa kuiandika kwa Kiingereza, ila vichwa viache kwa Kifaransa kama walivyovizoea.

Hatua ya 6: Darasani

Unaingia, mtu mmoja anasema "Debout!", wote wanasimama. Wasalimie, waambie wakae, la sivyo watabaki wamesimama wakikutazama. Watoto 50 katika chumba kimoja si jambo la kushangaza. Andika kichwa cha somo ubaoni, na kabla hujageuka utasikia: "Madame, kichwa tuandike na biki ya nyekundu?" Usicheke na usiseme "yoyote tu". Ukisema yoyote, darasa litagawanyika na utaulizwa tena mara nane. Sema nyekundu. Waambie wapige mstari kwa rula. Kisha endelea na maisha yako.

Wengi wanakutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza sekondari, wakitokea kwenye Kifaransa. Kwa hiyo makosa yao si yale uliyoyazoea Mbeya. Watakwambia "actually" wakimaanisha sasa hivi, kwa sababu Kifaransa kina neno linalofanana lenye maana hiyo. "Library" kwao ni duka la vitabu. Herufi h wengi wanaidondosha, kisha wanaipachika mahali isipotakiwa. Pata kamusi ndogo ya Kifaransa na uorodheshe maneno pacha ya namna hiyo, hata kama Kifaransa chako ni cha kuombea maji.

Kiswahili kitakusaidia, lakini si kila mara. Mtoto anasema "I have fifteen years". Ukimwambia afikirie Kiswahili, umempoteza zaidi, maana Kiswahili nacho kinasema nina miaka 15. Lugha zake mbili zinamvuta upande mmoja, na hapo dawa ni kurudia tu, kila siku, kila mtoto na umri wake. Hali kadhalika "he" na "she": Kiswahili hakibagui mume na mke, hivyo dada yake atakuwa "he" mpaka Machi. Na ile mbinu yetu ya kufundisha sauti ya th kwa neno "thamani" au "dhahabu" hapa haifanyi kazi, kwa kuwa wao wanatamka "samani" na "zahabu". Mimi hushika kioo kidogo, kila mmoja anatazama ulimi wake ukitokeza kati ya meno. Ni aibu kwa dakika tano, kisha inakuwa mchezo.

Darasa la mwisho halikutaki kwa michezo. Wale wanaelekea Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na Kiingereza humo ni maswali ya kuchagua jibu. Watakudai mitihani ya miaka iliyopita. Wape, ila uwalazimishe kueleza kwa nini majibu mengine si sahihi. Hapo ndipo utakapopata nafasi ya kuwafundisha lugha.

Hatua ya 7: Alama, na wanaokuja kuziomba

Sekondari ina vipindi vinne vya alama kwa mwaka, viwili kila muhula, na mtihani mwisho wa muhula ambao uzito wake ni mara mbili ya kipindi. Chini ya asilimia 50 huandikwa kwa wekundu kwenye buletini, yaani ripoti ya matokeo ya mwanafunzi. Wekundu huo ndio unaoleta watu mlangoni kwako.

Mzazi atakuja na salamu nzuri, pengine na kuku. Mwanafunzi atakuja mwenyewe. Kinga yangu ni hii: karatasi nazirudisha ndani ya wiki moja, kila mtu anaona alama zake, nazisoma kutoka kwenye daftari la alama mbele ya darasa, mwenye malalamiko anasema hapo hapo. Baada ya siku hiyo sina cha kuongeza, kwa sababu darasa zima limesikia. Mwanafunzi simwoni peke yangu ofisini mlango ukiwa umefungwa, awe wa kike au wa kiume. Na sifundishi tuisheni ya kulipwa kwa mtoto ambaye mimi ndiye ninayempa alama, hata mzazi akinisihi. Ninyi wanaume hasa, mgeni akisingiziwa jambo la alama na msichana, hana ukoo mjini wa kumtetea.

Hatua ya 8: Ukiongeza kazi ya jioni

Vituo vya lugha ni vingi, na wanafunzi wake wana haraka: mfanyabiashara anayekwenda Dubai au Guangzhou, dereva wa njia ya Zambia, fundi anayetafuta nafasi kwenye migodi ya Likasi na Kolwezi. Waulize wiki ya kwanza wanataka kusema nini, na kwa nani. Yule dereva alitaka sentensi za kwenye kizuizi cha barabarani Chililabombwe, basi tukaanza na hizo. Lakini tazama mkataba wa shule yako kwanza, mingine inakataza kazi ya pili, na karte yako ya kazi imefungwa kwa mwajiri mmoja.

Umeme utakatika. Uwe na somo lisilohitaji taa wala spika.

Hatua ya 9: Mshahara ukichelewa

Shule binafsi huishi kwa ada za wazazi, na Oktoba na Januari ada huwa ngumu. Wiki mbili vumilia, ukiuliza kwa upole. Ikizidi mwezi, andika barua kwa Kifaransa, peleka nakala mbili, na moja urudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haijawahi kufika. Ikishindikana, kuna mkaguzi wa kazi wa serikali, ambaye hukutanisha pande mbili kabla jambo halijafika mahakama ya kazi. Mimi sikufika huko. Muhuri wa mapokezi ulitosha.

Ukilipwa kwa simu, M-Pesa ya hapa ina akaunti ya dola na ya faranga. Sema unataka iingie wapi. Na usifikiri ni laini ile ile ya Tanzania au Kenya, utasajili upya.

Wanaoniuliza kuhusu Goma na Bukavu: niliyoandika hapa ni ya Lubumbashi. Miji ile miwili iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, na habari za mpaka, benki na makaratasi kule waulize walimu walioko huko leo.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usiondoke kabla ya proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo mwishoni mwa mwaka, wazazi wakiwa wamejaa uwanjani. Mwalimu asiyekuwepo siku hiyo ndiye anayelaumiwa kwa kila wekundu. Kabidhi daftari la alama kwa mkurugenzi na upewe karatasi ya makabidhiano. Omba cheti cha utumishi chenye tarehe za kuanza na kumaliza, muhuri na sahihi ya prefe, na ukiombe Juni, maana Julai ofisi inafungwa na utaanza kumtafuta katibu nyumbani kwake.

Ukiwa bado mjini siku matokeo ya Examen d'État yanapotoka, utayasikia kabla hujayasoma: makelele, pikipiki, watoto wako wa mwaka mzima wamejaa poda nyeupe kichwani hadi miguuni. Watakuona. Watakimbia kuja. Siku hiyo usivae nyeusi.